KIPIMO CHA DAMU KINAWEZA KUJUA MTOTO ATAPATA PUMU? DATA KAMILI HII HAPA

Mada ya leo ni ndefu kidogo. Kama umebakiza dakika tano kwenye mashine, soma kipande cha kwanza tu halafu urudi kesho. Mwenye hela ya saa nzima, vuta kiti.

Hapa Mwanza swali hili nalisikia kila mara kwa akina mama wenye watoto wadogo: eti siku hizi kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtoto atakuja kuwa na pumu? Wapo walioambiwa kipo, walipie. Wapo walioshalipa, wakapewa karatasi yenye namba na mishale ya kwenda juu, na wasiwasi wa bure. Mimi sio daktari, ni kijana niliyemaliza sekondari, lakini kusoma najua na muda ninao. Kwa hiyo nimechimba tafiti zenyewe na kuziweka kwa Kiswahili chetu, ili mtu akiingia maabara aende anajua anachonunua.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

Hakuna kipimo kimoja cha damu, popote duniani, kinachoweza kusema kwa uhakika kwamba mwanao atapata pumu au hatapata. Vilivyopo ni viashiria, yaani vitu ndani ya damu ambavyo vikiwa juu, uwezekano wa pumu unaongezeka kiasi. Vinafanya kazi vizuri zaidi vikiunganishwa na maswali ambayo hayagharimu hata senti. Na kwetu sisi tunaoishi na minyoo na kichocho, viashiria viwili vikubwa kuliko vyote hupanda hata kwa mtoto ambaye kifua chake hakijawahi kulia.

Hilo ndilo jambo kubwa. Mengine yote yanaeleza kwa nini.

Pumu ni nini hasa

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa ndani ya mapafu. Njia zinakuwa na uvimbe wa ndani kwa ndani unaokaa muda mrefu, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Kikija kichochezi (vumbi, moshi, mafua, baridi, mbio, manyoya ya paka), mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozunguka njia ya hewa inabana, kuta za ndani zinavimba zaidi, na makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki. Hapo ndipo unasikia kile kifua kinacholia kama filimbi, hasa wakati wa kutoa pumzi.

Sio ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi vinatokea nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wengi hawatambuliwi mapema au hawapati dawa. Yaani dawa ipo duniani, lakini kifuani kwa mgonjwa haijafika.

Kwa nini watu wanataka kutabiri

Tatizo liko kwa watoto chini ya miaka 5. Mtu mzima akishukiwa kuwa na pumu anapewa mashine ya kupulizia, mashine inapima pumzi inatoka kwa kasi gani. Mwambie mtoto wa miaka miwili apulize kwa nguvu zote hadi pumzi iishe, utaona kazi yake. Kwa hiyo daktari anabaki na historia, sikio lake, na jinsi mtoto anavyoitikia dawa.

Halafu kulia kwa kifua utotoni hakumaanishi pumu kila mara. Hapa nawaleta kwenye utafiti maarufu kuliko yote wa mambo haya. Mwaka 1980, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, watafiti walianza kuandikisha watoto wachanga na kuwafuatilia walivyokuwa wanakua. Walipata watoto 1,246. Mwaka 1995 Fernando Martinez na wenzake wakatoa matokeo ya watoto 826 waliofuatiliwa mpaka miaka 6:

- asilimia 51.5 hawakuwahi kulia kifua kabisa;
- asilimia 19.9 walilia kabla ya miaka 3, lakini walipofika miaka 6 walikuwa wameacha;
- asilimia 15 walianza baada ya miaka 3;
- asilimia 13.7 walianza mapema na walikuwa bado wanaendelea wakiwa na miaka 6.

Chukua kikokotoo. Kati ya wale waliolia kifua kabla ya miaka 3, karibu 6 kati ya kila 10 walikuwa wameacha walipofika umri wa kuanza shule. Wengi wao njia zao za hewa zilikuwa nyembamba tu, kila mafua yakija kifua kinalia, walipokua yakaisha. Sasa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayelia kifua atajuaje wake yuko kundi gani? Hapo ndipo wanasayansi walipogeukia damu.

Kiashiria cha kwanza: eosinofili

Damu ina chembe nyeupe za aina kadhaa, kila moja na kazi yake ya ulinzi. Mojawapo inaitwa eosinofili. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyeieleza mwaka 1879, alipoona kuna chembe zinazonyonya rangi nyekundu iitwayo eosini na kung'aa kwenye hadubini. Ndipo jina lilipotoka.

Kazi yake mojawapo ni kupambana na minyoo. Lakini kwa watu wengi wenye mzio (aleji), eosinofili hizi zinajaa kwenye njia za hewa na kumwaga kemikali zinazochubua kuta. Ndiyo maana zikiwa nyingi kwenye damu ya mtoto anayelia kifua, daktari anakunja uso kidogo.

Uzuri wake ni kwamba kipimo sio cha ajabu. Zinahesabiwa kwenye kile kipimo cha picha nzima ya damu ambacho pengine umeshawahi kupima, kwenye karatasi wanaandika FBP. Tafuta mstari wenye herufi EOS. Kuna asilimia (sehemu yake kati ya chembe nyeupe zote) na kuna idadi kwa kila mikrolita ya damu. Maabara nyingi huhesabu mpaka 500 hivi kuwa kawaida.

Kiashiria cha pili: IgE

IgE ni aina ya kingamwili. Iligunduliwa na makundi mawili katikati ya miaka ya 1960. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko walikuwa Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich walikuwa Uppsala, Sweden. Jina IgE likapitishwa rasmi mwaka 1968.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mtoto mwenye mzio wa kitu fulani mwili wake unatengeneza IgE ya kitu hicho. IgE inakwenda kukaa juu ya chembe fulani kama mtego uliotegwa. Siku kitu hicho kikirudi, mtego unafyatuka, kemikali zinamwagika. Puani ni chafya na kamasi, kwenye ngozi ni muwasho, kifuani ni kubanwa.

Wakaja watu na wazo: kwa nini tusipime IgE kwenye damu ya kitovu siku mtoto anazaliwa? Wasweden walilifanyia kazi sana hilo miaka ya 1980 na matumaini yalikuwa makubwa. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wengi waliokuja kupata mzio na pumu walizaliwa na IgE ya chini kabisa. Nyavu ilikuwa na matundu makubwa, samaki wengi wakapita. Siku hizi damu ya kitovu haitumiki hospitalini kutabiri pumu.

Hata Tucson, watoto walioendelea kulia kifua hadi miaka 6 walikuwa na IgE ya juu zaidi kuliko wasiolia, tangu mwaka wao wa kwanza. Lakini hiyo ni tofauti ya kundi na kundi. Ukimshika mtoto mmoja mmoja, wengi wanaingiliana.

Kiashiria cha tatu: IgE ya kitu maalum

Badala ya kupima IgE yote kwa jumla, unaweza kupima IgE ya kitu kimoja: wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, mende, paka, yai, maziwa. Hiki kina maana kubwa zaidi kuliko IgE ya jumla.

Ushahidi mzuri ulitoka Ujerumani, kwa watoto waliozaliwa mwaka 1990 na kufuatiliwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliolia kifua lakini hawakuwa na mzio wowote, asilimia 90 dalili ziliwaisha walipofika umri wa shule. Bali wale waliopata mzio wa vitu vya ndani ya nyumba, kama wadudu wa vumbi, paka na mbwa, kabla ya miaka 3, mapafu yao yalikuja kupungua nguvu. Kwa hiyo mzio wa mapema kwa mtoto ambaye kifua chake tayari kinalia ni habari ya kuzingatia.

Vingine utakavyovisikia

Mtandaoni utakutana na majina mengi, nayapitia haraka.

*Periostini.* Ni protini inayoongezeka kwa baadhi ya watu wazima wenye pumu. Kwa watoto ina kasoro moja kubwa: mifupa inayokua nayo inaitoa. Mtoto anayerefuka atakuwa nayo juu bila pumu yoyote.

*Jeni.* Mwaka 2007 ilipatikana sehemu kwenye kromosomu ya 17 inayohusiana na pumu ya utotoni. Tangu hapo zimepatikana nyingine nyingi, ila kila moja inasukuma uwezekano kidogo tu. Hakuna "jeni ya pumu" moja ambayo ukiwa nayo basi.

*Alama juu ya DNA.* Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya waliunganisha tafiti kadhaa wakapata sehemu 14 kwenye DNA ya damu ambazo alama zake zinatofautiana kwa watoto wenye pumu. Lakini tofauti hizo hazikuonekana siku ya kuzaliwa, zilijitokeza baadaye, na kwa kiasi kikubwa zilikuwa zinaakisi eosinofili zile zile. Mchezaji yule yule, jezi mpya.

*Mafuta ya samaki kwenye damu ya mama.* Denmark waliwapa wanawake wajawazito 736 ama vidonge vya mafuta ya samaki vya dozi kubwa, gramu 2.4 kwa siku, ama mafuta ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2016: watoto waliopata pumu au kulia kifua kwa kuendelea walikuwa asilimia 16.9 kwa mama waliokunywa mafuta ya samaki, na 23.7 kwa wengine. Faida kubwa ilikuwa kwa mama ambao damu yao ilikuwa na mafuta hayo kidogo tangu mwanzo. Hiyo ni nchi moja na dozi kubwa, kwa hiyo mjamzito asikimbilie vidonge bila kuongea na kliniki yake.

Tucson tena: damu pamoja na maswali

Mwaka 2000 Castro-Rodriguez na timu hiyo hiyo ya Tucson walitoa kitu rahisi ambacho madaktari wa watoto wanakitaja mpaka leo. Walisema damu peke yake haitoshi, tuichanganye na historia. Kanuni yao kali iko hivi.

Kwanza, mtoto awe analia kifua mara kwa mara katika miaka 3 ya mwanzo. Kama halii kifua, mjadala umefungwa hapo. Akiwa analia, awe na kimoja kati ya vikubwa viwili:

1. mzazi mmoja aliyethibitishwa na daktari kuwa na pumu;
2. mtoto mwenyewe kuthibitishwa kuwa na pumu ya ngozi.

Au awe na viwili kati ya vidogo vitatu:

1. eosinofili asilimia 4 au zaidi;
2. kifua kulia hata asipokuwa na mafua;
3. mafua ya mzio, yale ya kupiga chafya na kuwashwa pua bila homa.

Angalieni damu imewekwa wapi: kwenye vidogo. Historia ya mzazi na ngozi ya mtoto vina uzito zaidi kuliko maabara. Na mimi huwa nafurahi Kiswahili chetu kilivyowahi. Sisi ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya mikono na magoti tunauita "pumu ya ngozi". Wahenga waliona kwamba mtoto mwenye ngozi hiyo na mtoto wa kifua mara nyingi ni yule yule, bila hadubini wala kompyuta.

Sasa tufanye hesabu yake

Mtoto aliyeingia kwenye kanuni kali alikuwa na uwezekano wa mara 4.3 hadi 9.8 zaidi wa kuwa na pumu akiwa na miaka 6 hadi 13, ukimlinganisha na asiyeingia. Ukisikia hivyo unaona mambo yameisha. Ngoja.

Kila walipowapima umri fulani wa shule, kati ya walioingia kwenye kanuni, takribani nusu tu ndio waliokuwa na pumu. Yaani ukiwaambia wazazi kumi "mwanao ataugua", watano hivi utakuwa umewatisha bure. Na kati ya watoto wote waliokuja kuwa na pumu, kanuni kali iliwashika chini ya theluthi. Wengine wote walipita pembeni.

Inapofanya vizuri ni upande wa kutuliza. Mtoto asiyeingia kwenye kanuni, zaidi ya 8 kati ya 10 hawakuwa na pumu walipokua. Ila tukumbuke watoto wengi hawana pumu hata usipopima chochote, kwa hiyo sifa hiyo tuipokee kwa kiasi.

Na hiyo ndiyo kanuni maarufu kuliko zote, damu na maswali pamoja. Sasa fikiria mtu anayekuuzia kipimo kimoja cha IgE peke yake.

Minyoo inavyovuruga kila kitu

Hapa ndipo ningependa kila mzazi wa kanda ya ziwa, pwani na kwingineko kwenye minyoo asome mara mbili.

Zile tafiti nyingi zimefanyika Tucson, Ujerumani, Sweden na Denmark, ambako mtoto kuwa na minyoo ni jambo la nadra. Huku kwetu minyoo ya tumbo, safura na kichocho ni majirani. Na mwili unapambana na minyoo kwa silaha gani? IgE na eosinofili. Zile zile. Karatasi ya maabara haina mstari unaosema "hizi ni za pumu, hizi za minyoo".

Kuna la zaidi. Minyoo, mende na wale wadudu wa vumbi wana protini za misuli zinazofanana sana. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja inaweza kumshika mwingine kwenye kipimo. Kwa hiyo hata kile cha kitu maalum kinaweza kusema "ana mzio wa mende" kumbe mwili ulikuwa unapigana na mnyoo.

Nina mfano wa nyumbani. Mama mdogo wangu alimpeleka mwanae wa miaka minne maabara moja ya binafsi hapa mjini (jina naliacha) kwa sababu ya kuwashwa tu. Wakampima IgE, ikaja juu. Aliyempa majibu akamwambia ajiandae, mtoto huyu ni wa pumu. Mama mdogo hakulala wiki nzima, akafukuza paka, akamkataza mtoto kucheza na wenzake. Daktari mwingine alipomwona aliuliza swali moja: kifua kimewahi kulia? Hapana, hata siku moja. Akaomba kipimo cha choo. Minyoo ipo. Hela ya kile kipimo cha IgE ilikuwa ya mboga ya wiki mbili, na dawa ya minyoo haikufika hata bei ya soda kadhaa.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, Entebbe, Uganda, wamelichunguza jambo la minyoo na mzio kwa undani. Kati ya 2003 na 2005 waliandikisha wajawazito 2,507, baadhi wakapewa dawa ya minyoo albendazole na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yaliwashangaza wengi: watoto wa mama waliopewa albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi. Inaelekea minyoo, katika kujificha ndani ya mwili, inautuliza ulinzi wa mwili, na mzio nao unatulia.

Wadau, msije mkanielewa vibaya hapo. Hakuna anayesema tuache dawa za minyoo. Minyoo inanyonya damu, inadumaza watoto, kichocho kinaharibu ini na kibofu. Mtoto anywe dawa zikigawiwa shuleni. Ninachosema ni kwamba namba iliyowekewa mpaka kule Arizona haiwezi kusomwa hapa Kirumba au kule Ukerewe kana kwamba ni mtoto yule yule.

Na ukishajua, utafanya nini?

Tuseme kesho kipimo kamili kinapatikana. Je, kuna dawa ya kuzuia pumu isije?

Wamarekani walijaribu. Walichukua watoto 285 wa miaka 2 na 3 walioingia kwenye kanuni ile ya Tucson iliyoboreshwa, wakawapa baadhi dawa ya steroidi ya kuvuta kila siku kwa miaka 2, wengine wakapewa pampu isiyo na dawa. Halafu mwaka wa tatu wote wakaachishwa, ili waone kama ugonjwa umezuiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Wakati wa dawa watoto walipata nafuu kweli. Dawa ilipoachwa, makundi yote mawili yakawa sawa. Dawa ilituliza ugonjwa, haikubadili njia yake.

Kwa hiyo leo hii mtoto ambaye hana dalili, hata damu yake iseme nini, hakuna dawa anayoandikiwa ili asipate pumu. Hilo peke yake linatosha kumuuliza anayekuuzia kipimo: nikipata jibu, utanifanyia nini tofauti?

Pale damu inaposaidia kweli

Nisionekane napinga maabara. Kuna mahali kipimo hiki kinalipa.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Marekani wa watoto 300 wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya 5, ambao tayari walikuwa na pumu inayohitaji dawa ya kila siku. Walijaribishwa dawa za aina tatu kwa zamu. Walionufaika wazi na steroidi ya kuvuta kila siku walikuwa wale wenye mzio wa vitu vya hewani na eosinofili 300 au zaidi kwa mikrolita. Kwa maneno mengine, kwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa, tone la damu linaweza kumsaidia daktari kuchagua dawa. Utabiri ni kitu kimoja na kuchagua tiba ni kitu kingine. Hiki cha pili ndicho chenye faida leo.

Kwa hiyo mzazi afanye nini

Nimeyapanga kwa ufupi, ukiweza yachapishe umpelekee mama asiyeingia kafe.

1. Mtoto haliwi na kifua, hana shida ya pumzi? Usilipie kipimo cha damu cha "kutabiri pumu".

2. Kifua kinalia? Andika kwenye daftari: tarehe, alikuwa na mafua au hapana, usiku au mchana, moshi au vumbi, aliamka akikohoa. Ukiweza, mrekodi kwa simu wakati kinalia. Daktari atapenda rekodi hiyo kuliko maelezo ya "huwa anasumbuliwa".

3. Jua historia ya nyumba: baba, mama, nani ana pumu au pumu ya ngozi.

4. Ukipewa majibu ya IgE au eosinofili yaliyo juu, uliza: minyoo na kichocho mmeangalia?

5. Ondoa moshi. Sigara wakati wa ujauzito na karibu na mtoto inaongeza hatari ya kifua kulia, hilo halina ubishi. Jiko la kuni na mkaa likae nje au kwenye hewa ya kupita, mtoto asibebwe mgongoni juu ya moshi.

6. Pampu haileti uteja. Mtaani wanasema "ukianza pampu hutaacha". Mgonjwa anaendelea kutumia kwa sababu ugonjwa unaendelea, kama mwenye miwani anavyoendelea kuvaa miwani. Pampu ya kufungua kifua (salbutamol, mara nyingi ya bluu) ni ya wakati wa kubanwa. Ya steroidi ni ya kila siku kama daktari amesema, na hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe.

7. Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu moja kwa moja, dawa nyingi inaishia mdomoni. Anahitaji chombo cha plastiki katikati. Kama hakipatikani, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto waliobanwa. Kikombe cha plastiki kilikuwa dhaifu kuliko vyote. Mwombe nesi akuonyeshe namna ya kukitengeneza na kukitumia.

8. Kimbiza hospitali sasa hivi, sio kesho, ukiona: mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, anashindwa kuongea au kunyonya, midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, amelegea au anasinzia ovyo, au pampu haisaidii. Na ukisikia kifua kilicholia sana kimenyamaza ghafla huku mtoto amechoka, usishangilie. Inaweza kuwa hewa haipiti kabisa.

Kamusi fupi

*Kiashiria:* kitu kinachopimika mwilini kinachoendana na ugonjwa. Kuendana sio kusababisha.
*Eosinofili:* chembe nyeupe ya damu ya vita vya minyoo na mzio.
*IgE:* kingamwili ya mzio na minyoo.
*Mzio:* aleji, mwili kupigana na kitu kisicho adui.

Tafiti zinaendelea, na sitashangaa siku moja wakaja na mchanganyiko wa viashiria unaotabiri vizuri zaidi. Utakapokuja, swali la kwanza kutoka huku kwetu liwe: mmeupima kwa watoto wenye minyoo? Mpaka hapo, mama mwenye daftari lake la tarehe na sikio lililozoea kifua cha mwanae anajua mengi kuliko ile karatasi yenye mishale.

Maoni ruksa hapo chini. Manesi na madaktari mnaopita humu, ongezeni nyama. Na mzazi aliyewahi kuuziwa kipimo hiki atuambie alielezwa nini, bila kutaja jina la maabara. Tupo pamoja.